Aliyezima autovacuum pale Nyakabiga ni mimi, siyo Déo

Wakuu, habari za huko mliko.

Kwa miaka tisa nimekana jambo moja, na nimelikana vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kuna mtu alipoteza kazi kwa sababu hiyo. Leo naliandika kama lilivyokuwa, bila chumvi: aliyeiua database ya ofisi yetu ya koli, yaani vifurushi, ni mimi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, mtaa wa Nyakabiga, Bujumbura. Tulisafirisha mizigo ya akina mama wanaofanya biashara kati ya Bujumbura na Uvira: vitenge, sabuni, viatu vya watoto. Kila koli ilikuwa na mstari wake kwenye PostgreSQL, programu yetu ya database, na mstari ulibadilika kila hatua: imepokelewa, imepakiwa, iko mpakani, imefika.

Nilikuwa chef wa informatique, mkuu wa mambo ya kompyuta, kwa sababu nilikuwa na diploma ya chuo kikuu. Mwenzangu Déo, mtu wa Kamenge, rika langu, hakuwa na diploma. Alikuwa na masikio. Aliweza kusikia diski ikilalamika huku yuko kibarazani anakula ndagala.

Asubuhi za pale nazikumbuka sana. Mama Furaha wa Uvira anaingia hatujamaliza kufagia, anaegemea kaunta.

"Chef, koli yangu iko wapi? Na usiniambie iko njiani. Hata mi niko njiani tangu nizaliwe."

Tunacheka, naangalia, namjibu.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Niliona vibaya mama aulize mara tano halafu apokelewe kama mgeni. Nikaongeza safu: "ameuliza lini". Kila akiuliza, karani anabofya, saa mpya inaandikwa kwenye mstari wa koli yake, ili karani wa zamu inayofuata aseme, "Ndiyo mama, tunajua ulipita." Adabu tupu. Nikaweka na index juu ya safu hiyo, maana nilisoma mahali kwamba index huongeza kasi.

Kwa wasiojua: PostgreSQL ikibadilisha mstari haifuti ule wa zamani. Inaandika nakala mpya, ya zamani inabaki pale kama maiti. Autovacuum ndiye mfagiaji. Na safu inayobadilika ikiwa na index, kila badiliko linaongeza kazi kwenye index zote za table hiyo.

Mama mmoja akiuliza mara sita, maiti sita.

Mfagiaji akawa anaamka saa za wateja, mashine inasuasua. Nikamzima.

Kisha nikaipa database karibu RAM yote kupitia shared_buffers. Niliamini cache kubwa ni akili kubwa. Mashine ikakosa nafasi kwa kazi zake nyingine, ikaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na diski ile ilikuwa imezeeka.

Baada ya wiki chache, kutafuta koli moja kulichukua muda wa kuchemsha chai. Siku moja mashine ikagoma kabisa. Akina mama wakaanza kufungua mizigo wenyewe kibarazani, kila mmoja anatafuta yake.

Mkubwa wetu akashuka kutoka kwake kilimani Kiriri na gari lake, akauliza nani amegusa serveur, ile mashine ya database.

"Mi sikugusa," nikasema.

Wote wakamgeukia asiye na diploma.

Déo hakubisha. Kwa siku mbili alirekebisha. Akamwasha mfagiaji na kumwagiza apite kwenye table ile mara nyingi zaidi. Akashusha shared_buffers hadi robo ya RAM. Akafuta index yangu, akaweka fillfactor themanini ili kila ukurasa ubaki na nafasi ya nakala mpya. Ile "ameuliza lini" hakuitupa, aliihamishia kwenye table yake ndogo.

"Hii ya kusalimia wamama ni muzuri," aliniambia. "Uliiweka tu mahali mubaya."

Alijua, wakuu.

Mwisho wa mwezi akafukuzwa. Mkubwa alisema ametengeneza alichoharibu mwenyewe. Nikanyamaza, nikaendelea kuitwa chef. Na Bujumbura ni ndogo: jina la "yule aliyeua serveur" lilimfuata kila alipoomba kazi.

Ofisi ilishafungwa. Pale sasa wanauza vioo vya simu. Nikipita napunguza mwendo, nasikiliza kama kuna mama anayenitukana kwa upendo. Hakuna.

Somo ni hili. Table inayobadilishwa sana usiizimie mfagiaji, mwongezee zamu. Waachie wengine RAM. Pima kabla ya kugusa. La mwisho halimo kwenye documentation yoyote: ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, maana uongo nao unaacha nakala.

Wenye uzoefu wa fillfactor, au wa uoga kama wangu, andikeni hapa chini. Matusi pia nitayasoma.

Kilichonisukuma kuandika ni simu ya jana. Aliyepiga alikuwa directrice, mkurugenzi wa kampuni moja ya kusambaza dawa. Anataka kumwajiri Déo, lakini ameambiwa habari za ile serveur.

"Madame, ni kweli aliiua?" akaniuliza.

"Apana. Niliiua mimi. Yeye aliifufua."

Nikamweleza yote, hadi fillfactor. Kisha akauliza:

"Na wewe siku hizi unafanya kazi gani?"

"Naandika makala."

"Ni vizuri, ubaki huko huko. Déo ataanza kazi wiki ijayo, lundi."