Kadi ya Mwanaidi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyoingia studio nikiwa mtu wa kusifiwa, nikatoka sina uso wa kumtazama mtu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nakusimulia leo kwa sababu wiki ijayo utakaa kwenye kiti changu redioni. Kiti kile kina raha yake, sikufichi, lakini kina mwiba pia. Mimi ulishanichoma, sitaki ukuchome na wewe.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa chuo huku ughaibuni, pale College Park, kama wewe sasa. Asubuhi darasani, jioni naosha masufuria jikoni mwa chuo, na Jumamosi mchana napanda basi kwenda kwenye redio yetu ya jamii. Studio yenyewe usiulize. Chumba kimoja juu ya duka la mazulia, dirisha halifungi, na kipaza sauti kimezungushiwa utepe shingoni kama mgonjwa. Lakini saa moja kwa wiki chumba kile kilikuwa chetu, na kuanzia saa nane mchana Kiswahili kilitoka pale kikaingia majikoni na magarini kwa watu wetu wote wa pande hizi.

Kipindi kilikuwa cha Bi Mwanakombo, Mungu amrehemu. Mama wa Mombasa, karani wa serikali siku za kazi, na nyumba yake ilikuwa Bowie, mji wa jirani. Mwembamba, mpole, miwani inaning'inia kifuani. Alikuwa na mpangilio wake na hakuubadili hata siku moja. Kwanza muziki, leo taarabu, wiki ijayo rumba, ili watu wakae kitako. Kisha haki: ya mpangaji, ya mfanyakazi, ya mtu aliyekamatwa na polisi na Kiingereza hakijui. Kisha dunia: uchaguzi huu, vita vile, ukame kule, yote kwa Kiswahili ambacho hata bibi asiyepita mlango wa shule alikifuata. Nimesikia watangazaji wengi maishani, tena wa redio kubwa kubwa, na bado sijamsikia wa kumfikia. Hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Mwisho wa yote zilikuja salamu, na salamu ndizo zilizokuwa zangu. Nyinyi watoto mliozaliwa huku hamjui. Kwetu redio bila salamu ni pilau bila nyama. Watu walipiga simu wiki nzima wakaacha maneno yao kwenye mashine ya kurekodi, mimi nikayaandika, kadi moja kwa mtu mmoja: jina lake, kwao wapi, yuko wapi sasa, anamsalimu nani, na ujumbe wake. Na sauti nilikuwa nayo. Wacha nijisifu kidogo, umri unaniruhusu. Nikisema "salamu zimwendee, popote pale alipo," redio za mtaa wa Adelphi, walikojaa watu wetu, zilikuwa zinaongezwa sauti. Nilikuwa nikiingia dukani kuulizia mchele, muuzaji ananitambua kabla hajainua kichwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La kwangu lilishakuwa maji matupu, na mwenyewe sijui.

Basi wiki ile kwenye mashine palikuwa na sauti ya msichana, anasema chinichini. Alisema anaitwa Mwanaidi, wa Pangani. Anafanya kazi za ndani kwenye jumba la mtu wa kwetu, mkubwa mwenye cheo chake hapa mjini. Paspoti yake imefungiwa kabatini na ufunguo anao mke wa bosi. Mwaka wa pili huu hajatoka peke yake hata kwenda dukani. Jumamosi wenyewe wakienda kununua vitu, ndipo anapowasha kiredio cha jikoni na kutusikiliza. Alitaka kujua jambo moja tu: sheria ya nchi hii inasemaje kwa mtu kama yeye?

Mimi ni wa Tanga, mwanangu. Pangani kwangu ni pua na mdomo. Niliandika kadi ile kwa huruma na kwa hasira, kisha nikampa Bi Mwanakombo aisikilize sauti mwenyewe. Akaisikiliza mara mbili. Akampigia simu wakili mmoja mwanamke, na Jumamosi ile sehemu ya haki ikawa juu ya wafanyakazi wa majumbani. Wakili anaeleza, Bi Mwanakombo anatafsiri, polepole, na namba za kupiga zinarudiwa. Hakuna mwenye haki ya kumzuilia mtu paspoti yake. Mlango ukifungwa, mtu anaweza kutoka, na akitoka wapo wa kumpokea. Jina la mtu halikutajwa, wala mji, wala aina ya nyumba. Nilidhani amesahau. Nilimwonea imani, nikasema moyoni, mama huyu anazeeka.

Zikafika salamu. Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa kadi ya Mwanaidi. Hakuwa ameomba salamu, lakini nilitaka ajue kwamba tumemsikia. Kwetu kumtaja mtu redioni ni kumpa heshima, na mimi nilitaka kumpa heshima kubwa kuliko zote. Nikavuta pumzi, nikaitoa ile sauti ya Adelphi, nikasema: salamu za pekee zimwendee dada yetu Mwanaidi wa Pangani, aliye jikoni muda huu kwenye jumba la mkubwa, popote pale alipo. Ujumbe: dada, umesikia sheria, usiogope mtu.

Nilipoinua macho nilimwona Papa Kasongo amesimama. Huyu alikuwa Mkongomani wetu wa mitambo, mpenzi wa rumba, mtu wa kucheka saa zote. Siku ile hakucheka. Alizima kipaza sauti changu, akaweka rumba ndefu, akaniuliza, "Petit, mdogo wangu, na huyo bosi, kwake hakuna redio?"

Bosi ni mtu wa kwetu! Mke wake ni mtu wa kwetu! Jumamosi saa nane na dakika arobaini, Mswahili gani mwenye gari alikuwa hasikilizi kipindi chetu? Hayo ndiyo tuliyokuwa tukijivunia kila wiki. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilikariri hivyo tangu shule ya msingi, lakini siku ile ndiyo niliyoujua uchungu wake. Wimbo unapiga, na mimi nawaza msichana yule peke yake jikoni, na gari linageuza njia kurudi nyumbani.

Simu ya studio ililia kabla wimbo haujaisha. Alikuwa Mwanaidi. Alisikia jina lake akiwa ameshika mwiko. Hazikupita dakika mbili simu ya nyumba ikalia, ni mke wa bosi, anamuuliza amezungumza na nani. Aliweka simu chini, akazima jiko ili wali usiungue, akachukua mfuko wake wa kanga na kutokea mlango wa nyuma. Alikuwa na kandambili miguuni na ilikuwa mwezi wa pili, theluji kando ya barabara. Alitembea mpaka kituo cha petroli cha jirani, akamwomba Mhabeshi mmoja simu. Namba yetu aliijua kwa moyo kwa kuisikia kila Jumamosi.

Bi Mwanakombo alimuuliza tu jina la barabara, akachukua funguo za gari lake na koti la pili. Mlangoni akanigeukia. Akaniambia nipige nyimbo mpaka kipindi kiishe, na nisiseme neno.

Nikapiga nyimbo. Dakika kumi nzima, mimi mwenye sauti, nimekaa mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, na kadi ile mkononi. Kipindi kiliisha, wenye zamu ya baada yetu wakaingia, mimi nikashuka kukaa kwenye ngazi za duka la mazulia. Nilikaa zaidi ya saa mbili. Sikuomba Mungu anisamehe, maana niliona haya hata kumwomba. Niliomba kandambili zile zimfikishe.

Gari la Bi Mwanakombo lilirudi jua linazama, naye yuko peke yake. Mwanaidi alikuwa ameshafika Bowie, ameogeshwa miguu kwa maji ya vuguvugu, ameketishwa mezani, na wakili yuko njiani kwenda kumwona. Nilianza kulia pale pale. Kisha, mwanangu, ona upumbavu wa ujana: machozi hayajakauka, nikasema basi labda ilikuwa heri nimtaje, maana bila hivyo asingetoka.

Bi Mwanakombo alivaa miwani yake akanitazama vizuri. Sauti hakuipandisha.

"Amepona kwa miguu yake na kwa akili yake. Usije ukajisifu siku moja kwamba ni mdomo wako uliomtoa. Sauti ni yako, kijana, Mungu kakupa. Jina la mtu ni lake."

Akaniambia kadi niiweke, nisiichane wala nisimwonyeshe mtu, na nikitaka kuendelea na kipindi nirudi Jumamosi. Nilirudi nikidhani nimefukuzwa, kumbe nimepewa kazi nyingine. Kwa miezi mitatu sikusoma salamu hata moja. Nilikuwa nampigia kila aliyetuma na kumuuliza swali moja tu: nikutaje? Nilidhani wote watasema ndiyo. Weee! Yupo aliyetaka mama yake asalimiwe lakini mtaa anaokaa usitajwe, kwa sababu ya mume aliyemkimbia. Yupo mzee aliyeniambia nimtaje jina bila kusema yuko hospitali, wanawe kule Ujiji wasije wakakosa usingizi. Yupo kijana ambaye makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado, akasema nimwite tu "msikilizaji wa Jumamosi." Mwaka mzima nilikuwa nikiwasoma watu wale kwa mbwembwe, nisijue kila jina limebeba nini.

Mwanaidi alikaa Bowie kwa Bi Mwanakombo. Wakili alikwenda na barua, akarudi na barua nyingine, mpaka paspoti ikatoka kabatini. Akajifunza Kiingereza, akapata kazi ya kutunza wazee. Tulipokutana mara ya kwanza nilimwomba msamaha nikiwa nimetazama viatu vyangu. Alinisamehe, ila alinicheka kwanza, na haki yake.

Ilipopita miaka miwili alipanda ngazi za duka la mazulia siku ya Jumamosi, amejifunga kanga mpya juu ya suruali ya baridi. Akamwambia Bi Mwanakombo kwamba leo sehemu ya haki ataisema yeye. Akakaa. Kipaza sauti kikawashwa. "Mimi naitwa Mwanaidi binti Hamisi, mzaliwa wa Pangani," akaanza, na sauti haikutetemeka. Alisimulia yote, kabati, ufunguo, kandambili. Alipomaliza, simu zililia mpaka Papa Kasongo akaacha kuzipokea. Wanne kati ya waliopiga walikuwa wasichana wa kazi za ndani kama alivyokuwa yeye, wanasema chinichini.

Mimi nikatoa kadi mfukoni. Ilishachakaa kingo. Nikamsogezea mezani, nikamwambia ni yake, afanye atakavyo. Akaisoma, akanirudishia. "Sasa isome," akasema.

Nikaisoma. Salamu zimwendee Mwanaidi wa Pangani. Nimesoma salamu nyingi sana, mwanangu, na hii ndiyo ninayojivunia. Na huyo ndiye Bi Mwanaidi wako wewe, yule mama wa Bowie anayeongoza sehemu ya haki miaka yote hii, anayekukosoa Kiswahili chako kila ukifungua mdomo. Usishangae. Kabla sijakuandikia haya nilimpigia kuomba ruhusa. Akanijibu niseme yote, na pale nilipokosea nisipapunguze.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Muziki utauchagua wewe, siku hizi mna nyimbo nisizozielewa na sitaki kukuingilia. Dunia isome kwa makini na uieleze kwa maneno ya mtu anayepika. Haki itete bila kuogopa cheo cha mtu. Lakini mtu akikupa habari yake, amekupa amana. Muulize kabla ya kuisema, na akikujibu hapana, iwe hapana hata kama ingekupatia sifa za mji mzima. Zamani tulisikika mpaka Bowie, tukaona tumefika. Leo kipindi kinaingia kwenye simu ya mtu Pangani wakati ule ule unapokitamka, na neno likishatoka halirudi. Na ukikosea, maana utakosea, usitafute namna ya kulifanya kosa lako kuwa hisani. Kaa nalo, kisha rudi Jumamosi.

Najivunia wewe kama mwanangu wa kuzaa. Nakuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza, lakini kila Jumamosi unafika kabla yangu, na nimekuona unavyowasikiliza watu bila kuwakatiza. Kadi nimekuachia kwenye droo ya meza, upande wa kulia.

Mungu akupe sauti isiyochoka na ulimi unaojua kungoja. Akuzungushie watu kama walionizunguka mimi. Wanaokupigia chinichini wakukute macho, na siku wakitaka kujitaja wenyewe, uwe umewashikia mlango.

Nilitaka kumalizia kwa kukutumia salamu zako kwa jina, kama desturi yetu. Nikakuuliza jana, nikutaje? Ukacheka, ukasema, "Not yet, Uncle."

Basi salamu zimwendee mwanangu, popote pale alipo.