Sanduku la Kuroba

Harufu ya karafuu maiti huwakumbusha watu wengi misiba. Mimi hunikumbusha samaki, tena samaki wasioliwa. Majuzi mteja aliniletea koti la marehemu baba yake nilipunguze mikono, na nilipolikunjua, vipande vyeupe vya karafuu maiti vikadondoka juu ya meza. Nikasimamisha cherehani. Mteja alidhani huzuni yake imenigusa, akaanza kunipa pole. Niliipokea tu, maana ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe nitakueleza, kwa kuwa umeketi na huna haraka.

Baba yangu alikuwa fundi nguo katika mtaa wa Biryogo, na cherehani yake ilikaa barazani. Babu yake alitoka Ujiji na mitumba ya kaniki na marekani, akaishia kwenye milima hii, na tangu hapo ukoo wetu haujaachana na nguo: asiyeuza, anashona. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni Shangazi Zaituni, dada mdogo wa Baba, ambaye alikuwa akiishi nasi. Kwa hiyo nilikuwa na baba mmoja na shangazi mmoja, na sikuwahi kuhisi nimepunjwa.

Juu ya kabati la Baba kulikuwa na sanduku la mbao lenye bawaba za shaba. Ungedhani ni la sindano na vifungo, kama sanduku lolote katika nyumba ya fundi. Ndani yake kulikuwa na ndoana. Mzungu mmoja wa Kiyovu, mtaa wa wakubwa, alikuwa akimletea Baba mkoba wake wa uvuvi kila ulipochanika, na alipofungasha kurudi kwao, nchi ilipopata uhuru, akamwachia mkoba pamoja na vilivyokuwamo. Habari ikawafikia wapishi na watunza bustani wa kule. Kila Mzungu alipohama walimletea Baba vikorokoro vya uvuvi vilivyoachwa stoo, naye akawapindia suruali. Sanduku likajaa. Kulikuwa na samaki wa mbao wenye macho ya kioo, vijiko vya shaba vinavyozunguka vikivutwa majini, maboya mekundu, chubwi za risasi, na juu ya vyote nzi wa bandia: ndoana ndogo zilizovishwa manyoya ya jogoo, nywele za mnyama na uzi wa dhahabu, ili samaki adhani mdudu kaanguka mtoni.

Usije ukafikiri Baba alikuwa mvuvi. Hakuwahi kushika hata dagaa aliye hai. Biryogo iko kilimani, na maji tuliyoyajua ni ya bomba na ya mvua. Tena siku zile watu wengi wa huku walikuwa hawali samaki kabisa, walisema ananuka. Kuvua alikokujua Baba ni kuvua shati ili lipimwe, na mshipi kwake ulikuwa ni wa suruali. Alichokipenda yeye ni ule mshono. Ijumaa, akitoka msikitini, alinawa mikono, akavaa miwani, akashusha sanduku na kuniita.

"Tazama hapa, Asha. Uzi ameuzungusha, halafu ncha ameificha. Itafute ncha."

Niliitafuta nikaikosa, naye akafurahi kama vile aliyeificha ni yeye. Kisha alisema lile alilolisema kila Ijumaa, "Usione vyaelea, vimeundwa." Karafuu maiti aliiweka humo ili wadudu wasile manyoya. Shangazi alikuwa akimtania kwamba watu wengine huoa mke wa pili, yeye kaka yake ameoa sanduku, na bibi harusi ananuka msiba.

Basi ikaja posa ya Shangazi. Ilitoka Kabuga, kwa mtu aitwaye Juma, mwenye duka la vyakula, mpole, anayesikiliza kuliko kusema. Shangazi alikwisha kukataa wengine kabla yake, na majirani walikuwa wameanza kumwonea huruma kwa sauti ya juu. Safari hii alisema, "Tuone," na kwa Shangazi "tuone" ilikuwa jirani ya ndiyo. Baba alifurahi. Mimi nilinuna. Kabuga kwangu ilikuwa nchi nyingine, na niliona wazi kwamba nanyang'anywa mama.

Mama yake Juma akaja kuiona nyumba. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyesilimu alipoolewa, na Kiswahili chake kilitembea kwa fimbo. Akichoka nacho alirudi kwenye Kinyarwanda apumzike. Baba alikuwa amekwenda sokoni kununua nyama. Mimi nilikuwa uani nachochea moto wa chai na kuimba. Huko ndani, pindo la mtandio wa mgeni likanasa kwenye msumari wa kiti, likachanika. Akaomba sindano. Shangazi alipokwenda kuitafuta chumbani, mgeni akaliona sanduku juu ya kabati, akajihudumia mwenyewe, maana katika nyumba ya fundi sanduku ni la sindano.

Nilipoingia na chai nilimkuta amekaa wima, mtandio ukiwa bado umechanika, Shangazi amesimama karibu na kabati. Nikammiminia. Ilikuwa chai ya maziwa na tangawizi, niliyoipika kwa makini ingawa nilinuna. Hakuigusa. Tulizungumza habari za mvua, chai ikapoa, ikafanya utando juu. Kwetu huku mgeni akikiacha kinywaji bila hata kukionja, amekwisha kukuhukumu. Alisema, "Rero, basi, mimi iko naenda," akajifunga mtandio, akaondoka kabla Baba hajafika na nyama.

Baada ya siku chache akaja mshenga, Mzee Rajabu. Alikaa barazani, akamwomba Baba asimamishe cherehani.

"Fundi, huko Kabuga iko maneno," alisema. "Huyu mama anasema nyumba yako iko na dawa. Anasema sanduku iko na nywele, iko na manyoya, iko na macho inamwangalia. Na harufu ya maiti. Akauliza hii ni ya nini, Zaituni akamujibu ni ya kuroga."

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Akatoka. "Nilimjibu kwa Kinyarwanda ili aelewe," alisema. "Nilisema ibyo kuroba."

Kama hujui Kinyarwanda, kuroba ni kuvua samaki. Kuroga ni kulekule kuroga tunakokujua sote. Kati ya mvuvi na mchawi hapa kwetu kuna herufi moja tu, na herufi yenyewe ni ndogo.

Baba alimtazama Shangazi kwa muda. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Mzee Rajabu hakucheka.

"Ulimi hauna mfupa, sawa," alisema. "Lakini nani ataamini hiyo kuroba yenu? Wewe unaroba wapi, Fundi? Hapa Biryogo? Katika mfereji? Choma hiyo sanduku, yule mama aone majivu, ndoa ipite."

Neno "choma" lilinitia hofu. Lakini, nikuambie kweli, chini ya hofu hiyo kulikuwa na furaha, na niliijua kuwa ni furaha. Sanduku likibaki, Shangazi angebaki. Nilimwomba Mungu Baba awe mkaidi.

Baba alisema, "Sitachoma. Mwambie Mama Juma Jumapili aje Muhazi. Nitaroba mbele yake."

Ziwa Muhazi liko mbele ya Kabuga, kwa barabara ya mashariki. Tulipanda gari la abiria, Baba amevaa kanzu ya sikukuu na koti, sanduku limelala mapajani mwake, mimi kando yake. Shangazi alibaki, maana mchumba hafuatani na mambo kama hayo. Mama Juma alitungoja ufukweni pamoja na Mzee Rajabu, amejifunika mwavuli, amesimama mbali kidogo, upande ambao upepo haukuweza kumletea chochote kutoka kwetu.

Baba alikata tawi la mkaratusi, akavua koti akanipa nilishike, akafunga mshipi, akafunga na ndoana. Kufunga alifunga vizuri sana. Kilichofuata sijui nikieleze vipi bila kumvunjia heshima mzee wangu. Mara ya kwanza ndoana ilitua kwenye matete. Mara nyingine ilikwenda majini, ikarudi na majani yaliyooza. Mvuvi mmoja alipita na mtumbwi wake, akapunguza kasia, akatazama kanzu, akatazama nzi wa dhahabu, akaendelea na safari yake. Jua lilikuwa kali. Mama Juma hakusogea. Baba alifuta jasho kwa mkono wa kanzu, akarusha tena, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatamani samaki aume.

Ndipo Baba akachagua nzi wake bora kuliko wote, mwenye manyoya ya buluu na tumbo la dhahabu, ambaye hata mimi sikuruhusiwa kumgusa. Akamfunga, akarudi nyuma, akarusha kwa nguvu zake zote. Mshipi ulipiga kelele hewani na kunasa. Ulinasa mgongoni kwake, katikati ya kanzu, pale ambapo mkono wa mtu haufiki. Baba akageuka kuutafuta, na kadiri alivyogeuka ndivyo mshipi ulivyomzunguka, mpaka akasimama kama furushi la posta.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mzee Rajabu alisema taratibu.

Mimi mkono wangu haukufika mgongoni kwake, na macho ya Mzee Rajabu hayakuona ndoana. Alibaki Mama Juma. Alisita kwanza. Kisha akaweka mwavuli chini, akaja, akachukua wembe kutoka mfuko wa koti la Baba nililolishika, maana fundi hatembei bila wembe, akaukaribia ule uchawi.

"Iko ndani sana," alisema. "Nakata hii kamba ya dhahabu, itatoka."

"Tafadhali, mama, usikate uzi huo. Kata kanzu."

"Kanzu? Hii ya Idi?"

"Kanzu nitashona nyingine. Aliyefunga uzi huo simjui, na sina pa kumpata afunge tena."

 Mama Juma aliinama, akamtazama yule nzi kwa karibu, pua yake karibu iguse manyoya. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Baba akauliza kama kuna damu. Halafu akakata kanzu, kipande cha duara, kwa upole, akamtoa nzi mzima na kumweka kwenye kiganja cha Baba. Nikamwona mdomo wake ukianza kumshinda.

"Uyu si umurozi," akamwambia Mzee Rajabu. "Ni umwana." Huyu si mchawi, ni mtoto. Akaketi chini kwenye nyasi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya maharage. Baba alimshonea Shangazi nguo zote kwa mkono wake, na siku walipomchukua nililia mpaka wageni wakaona haya kula. Nzi wengi walioloa siku ile hawakupona, rangi zilichuja na ndoana zikashika kutu, lakini Baba aliendelea kuwatunza vilevile. Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho cha mtu aliyekwenda ziwani kuokoa sanduku lake.

Baba alipofariki nilikaa na Shangazi kwake Kabuga mpaka arobaini ilipopita. Siku moja tulikuwa uani, yeye anachambua mchele kwenye ungo, nami nikamuuliza, nusu mzaha, "Shangazi, siku ile ulisema kuroba au kuroga?"

Hakuinua kichwa. "Nilianza vizuri," alisema. "Halafu nikakusikia uani unaimba. Nikajiuliza nikienda nani atakusuka nywele. Neno likatoka lilivyotoka, na sikulirudisha."

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe madogo na kuyatupa.

"Baba alijua?"

"Alijua palepale, Rajabu hajamaliza kusema. Hakunigombeza. Kesho yake alinikuta namenya viazi, akaniambia, 'Zaituni, hilo neno nitalisafisha mimi. Na mtoto nitamsuka mimi. Wewe nenda ukaolewe.'"

Na alinisuka. Aliniketisha barazani kati ya magoti yake, mbele ya wateja, akanigawa nywele kwa kitana huku ameuma mdomo, na mistari ikaenda upogo kama barabara ya Kabuga. Watoto wa chuo cha Kurani walinicheka. Shangazi alipokuja kututembelea mara ya kwanza baada ya harusi, alinishika kichwa, akataka kuifumua ile misuko aisuke upya. Nikakataa. Nikamwambia Baba ndiye anayenisuka. Aliniachia, akaenda uani, akakaa huko peke yake kwa muda mrefu, nami nikadhani nimemuudhi.