Mapacha wa Ilagala na Vikombe Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa Utafiti alinipokea ofisini pale Bangwe kwa vikombe viwili vya plastiki na punje ya mahindi. Nilidhani naandaliwa chai, kumbe ndivyo vifaa vyangu. Tulikuwa tunalinganisha namna watoto wa nchi mbalimbali wanavyokua kiakili na wanavyojifunza kuishi na watu. Nafunika punje chini ya kikombe kimoja, mtoto anaona, nahesabu hadi ishirini, kisha namuuliza iko wapi. Tulikiita kipimo cha kumbukumbu.

"Usimsaidie hata kwa jicho," alituonya Mtafiti Mkuu, mama mkali aliyehamia kutoka mkoa mwingine. "Akinyamaza, andika sifuri."

Nilianzia kijiji cha Simbo kwa watoto wachanga, ambako kazi ilikuwa kuwatazama tu na kuandika. Kisha nikapelekwa Ilagala kwa wa miaka minne na mitano. Huko sifuri zikamiminika. Mapacha Bukuru na Butoyi waliinamisha macho, kimya. Nami kwa kiherehere changu nikamwambia mama yao kwamba wamechelewa kidogo, ilhali tulikatazwa kuwapa wazazi majibu. Mdomo uliniponza.

Wiki iliyofuata mama yule alinikuta karibu na vichanja vya kuanikia dagaa.

"Shikamoo mama. Baba yao kasema shule ya awali hawaendi mwaka huu. Ati vichwa vizito, watatuaibisha."

Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Lakini nikuulize, mama. Punje si uliificha mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Sasa mtoto amwambie nini mtu mzima aliyeificha? Si atakuwa anakuona mjinga?"

Niliona haya. Mimi ni Muha kama wao, nimelelewa hivyo hivyo: mkubwa akiuliza analolijua, unanyamaza. Mafunzo ya wiki mbili yalinisahaulisha malezi ya mama yangu mzazi!

Nilimweleza Mtafiti Mkuu yote, na kosa langu nikalikiri, nikisubiri kufukuzwa.

"Twende tukaone," akasema.

Safari hii Bukuru alisubiri nje wakati nafunika punje, Butoyi akiona. Alipoingia akamuuliza mwenzake kwa Kiha. Butoyi alicheka, akakifunua kikombe chenyewe kabla swali halijaisha. Tukawabadilisha, ikawa vilevile. Baba yao alikuwa mlangoni anashona wavu, akisikia yote.

"Kesho nawaandikisha," akasema, bila kuinua kichwa.

Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Mtafiti Mkuu aliagiza Ilagala yote ipimwe upya, mtoto aulizwe na mtoto mwenzake.

Sasa nimestaafu. Vijana hunijia na vishikwambi vyao, wananiita Bibi, wanataka siri ya kazi. Nawaambia: mtoto akinyamaza, ulizeni kwanza nyumbani kwao huwa anamjibu nani. Nimekosea mengi katika kazi ile. Lakini kwa hili namshukuru Mungu hadi leo: kosa langu lilifika mlangoni mwa shule, mama mmoja akalizuia kwa swali.