Tuma Radi, Mfipa

Wenzangu mliosoma shule za msingi za Sumbawanga, enzi za mpira wa soksi iliyojazwa matambara, mtanielewa. Juzi juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu mechi ya kriketi ya kimataifa. Mrushaji akimaliza kurusha anamsogelea mpigaji, anamtolea maneno usoni, na mpigaji naye anamrudishia. Binti akaniambia, "Mama, hapo anamvuruga akili ili akosee." Nikacheka. Mwanangu, hiyo mbona ni rede tu.

Rede yetu ilikuwa na warushaji wawili, mmoja huku, mmoja kule, na katikati mtu anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira. Mkono peke yake haukutosha, ilibidi na mdomo ufanye kazi. Na kwa mdomo hakuna aliyemfikia Atupele, binti wa bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, kwenye migomba. Nikirusha mimi, mpira ukimkosa tu, anashika kiuno: "Tuma radi, Mfipa, mkono umeshakushinda." Uwanja mzima hoi, maana sisi Wafipa tunasemwa eti tunatuma radi kwa uchawi. Na mimi namjibu, "Kateleze huko na maganda yako ya ndizi." Upepo wa Juni unatupasua midomo, magoti meupe kwa vumbi, na bado tunachambana mpaka kengele ilie. Mama alikuwa na sheria moja: "Kutania si kutukana. Mzazi wa mtu na njaa ya mtu msiviguse." Hatukuvigusa.

Halafu baba akafariki. Niliporudi shuleni baada ya matanga, nilikuta wenzangu wamekuwa wapole kupita kiasi. Wakaniweka katikati, wakanirushia mpira taratibu, kama wanamfundisha mtoto mdogo kudaka. Hakuna aliyenitania. Nikajaza chupa hadi mdomoni, wakanipigia makofi, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Nyumbani nilikuwa yatima, na sasa hata uwanjani nimekuwa yatima. Ndipo Atupele akaudaka mpira, akanitazama kwa muda. "Mfipa, hapo unachota mchanga au chumvi ya mboga?" Akanitwanga nao nyongani mpaka nikayumba. Wenzetu wakaguna. Mimi nikalia, nikacheka, nikamtolea la kwangu, vyote kwa pamoja. Jioni ile nilikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando, nikaomba nyongeza. Mama akageukia moto ili nisione anavyofuta macho.

Basi wiki iliyopita ikaja habari kwamba mume wa Atupele amefariki, huko Matai. Kundi letu la simu likajaa pole na vile vipicha vya mikono iliyofumbatana. Watoto wa siku hizi ukiwatania kidogo wanakufungia namba, na sisi watu wazima tumeanza kuwaiga. Tumekuwa waungwana wa kuandika, midomo imelala. Nikashindwa kutulia. Nikaosha vyombo ambavyo ni visafi, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, natafuta neno. Kwenye basi bado nalitafuta. Na je, akilichukia? Hatujaonana miaka mingi. Najua watani wana ruhusa yao msibani, lakini mjane ni mjane, huwezi kujua ameamkaje.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Dada yake akaninong'oneza kwamba tangu msiba uingie hajala wala hajasema neno. Wanawake walikuwa wanampa pole kwa zamu, taratibu, na yeye anaitikia kwa kichwa tu. Upole ule niliufahamu. Nikapiga magoti, nikamshika mikono.

"Mla ndizi," nikasema, "ndiyo umekaa katikati hivi, chupa atakujazia nani?"

Mama mmoja akanikata jicho. Atupele akainua uso polepole, sauti imemkauka.

"Umechelewa, Mfipa. Radi yenu ingekuwa imeshafika."

Akaniangukia begani, akalia kwa sauti. Alipomaliza, akaomba uji.