Kidevu cha Baba Pale Getini

Likizo ile ya shule, tukiishi chumba kimoja mtaani Baba Dogo, Nairobi, kila asubuhi niliamshwa na harufu ya sabuni ya kunyolea, ile ngumu iliyokaa kwenye kikombe cha bati. Kisha nilisikia fyaa, fyaa: Baba akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi aliofunga kwenye komeo la mlango. Ulikuwa wembe wa kukunja, wenye mpini wa pembe, wa babu yangu aliyefanya kazi ya reli. Baba aliloweka brashi kwenye maji moto, akaizungusha kwenye sabuni mpaka povu likasimama, akajipaka, akavuta shavu kwa vidole na kuuteremsha wembe polepole, nasi sote tukabana pumzi. "Siku njema huonekana asubuhi," alisema kila mara akijipapasa kidevu. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na sasa kila kukicha alijipanga kwenye geti la kiwanda kingine, akingoja kuchaguliwa kibarua. Babu alimfundisha kwamba mwanamume anayeomba kazi na ndevu zake haombi kazi, anaomba sadaka.

Hakuchaguliwa. Otieno, jirani aliyejipanga naye, ndiye aliyetueleza kwa nini, akicheka mlangoni hadi akashika tumbo. "Mama Nekesa, huyu mzee wako anang'aa sana! Supavaiza amemwambia, 'Mkubwa, ofisi ni upande ule. Hapa tunataka watu wa kubeba magunia.'" Baba alicheka pia, kidogo tu. Otieno alipoondoka, Mama akasema, "Baba Nekesa, achana na huo wembe. Enda hivyo hivyo kama wenzako." Baba alimtazama kana kwamba ameambiwa atoke uchi. Lakini unga ulikuwa ukiisha, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaukunja wembe.

Ndevu zikaota. Mimi nilishangilia, "Baba, unafanana na pasta!" kabla sijaona vizuri kwamba zilikuwa nyeupe pe, sikio hadi sikio, na nywele za kichwani bado nyeusi. Hata Mama hakuwa amejua. Siku hiyo Baba alirudi jua likiwa bado juu.

"Wamesemaje?" Mama akauliza.

"Wamenipa kiti. Wakasema, 'Keti babu, jua ni kali.'"

Asubuhi iliyofuata alinyoa tena, akanyoa vizuri kuliko siku zote, akaenda. Lakini supavaiza alikuwa ameshaona.

Siku hizi watu hawajipangi getini kama zamani. Kazi nyingi unaomba kwa simu. Mimi ni mtu wa matumaini, nafasi yoyote nikiiona naandika jina langu, halafu la Baba. Ila zamani angalau mtu aliweza kuamka mapema akajifuta miaka usoni. Simu haina sabuni yake.

"Wameuliza umri wangu?" Baba huniuliza.

"Wameuliza."

"Ukaandika?"

"Nimeandika, Baba."

Naye huongeza sauti ya redio.