Gardenia ya Bikira na Ndoo Yangu

Namshukuru Mungu, aliyenipa uzee mwema na aibu kidogo ili nisijivune.

Mimi ni katekista hapa Likasi, na ndimi ninayetunza gardenia mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Mwaka huu majani yake yaligeuka manjano. Nikamshuku Mama Odile, jirani wa parokia, nikawaambia wanakwaya wenzake kwamba anaimwagia maji ya kufulia. Wakataka kumtoa kwenye kwaya.

Jumamosi akaja nao wote. Nilikuwa nimemaliza kupaka mawe ya njia chokaa ya machimbo ya Kakontwe, na kama kila juma nilisuuza ndoo chini ya gardenia, maji yasipotee bure.

“Papa Katekista,” akasema, akionyesha udongo, “sabuni yangu iko ya bluu. Hii nyeupe ni ya nani? Gardenia haipendi chokaa, Papa. Ni weye njo unaiua!”

Nikatazama udongo, kisha ndoo mkononi mwangu. Ilikuwa bado inadondosha maji meupe.

Ndugu msomaji, Mungu akubariki, akuonyeshe ndoo yako kabla hujamtaja jirani.