Njiwa wa Baba Kishungi

Mume wangu anaoka mikate. Anatoka nyumbani alfajiri na kurudi saa sita mchana, nyusi zake nyeupe kwa unga kama za mzee wa miaka tisini. Ana thelathini na tatu. Wenzake wakitoka tanurini huanguka kitandani kama magunia. Yeye alikuwa akinikabidhi mkate uliobonyea, ule usiofaa kuuzwa, anambeba mtoto begani, na moja kwa moja hadi uani kwenye banda la njiwa. Salamu yangu aliijibu kwa mgongo.

"Wake wenza wako wameamkaje leo?" mama jirani alikuwa akiniuliza kwa juu ya ukuta.

"Wametaga."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka, dada. Zamu yangu bado."

Tulicheka, na yeye kule bandani alicheka pia, maana alikuwa anasikia kila kitu alipotaka kusikia.

Banda alilijenga mwenyewe kwa mbao za rafu za zamani za kiwanda cha mikate. Lilikuwa la ghorofa tatu, limeegemea ukuta wa chumba chetu chini ya dirisha, na kila mlango ulikuwa na komeo lake. Njiwa wake hakuwauza wala hakuwachinja. Alichopenda ni kimoja tu: kumwachia njiwa mbali na nyumbani, kisha kumwona anarudi. Kila Jumamosi dereva wa gari la mikate aliwapakia kwenye kreti na kwenda kuwaachia njiani. Mwanzo ilikuwa mwendo wa saa moja, baadaye saa tatu, mwisho ikawa kituo cha mwisho kabisa, anakolala dereva na kurudi kesho yake. Mume wangu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani, macho mbinguni. Mimi nilishika daftari, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, niandike nani kafika saa ngapi. Ndiyo yaliyokuwa matembezi yetu. Wengine huenda kula upepo. Sisi tulikaa uani na kutazama juu mpaka shingo zikakakamaa.

Jina la Kishungi yeye ndiye aliyempa mwanetu, kwa sababu alizaliwa na nywele zilizosimama utosini kama kishungi cha njiwa mmoja wake. Alipofika mwaka na miezi minane, Kishungi alijua maneno sita, na matatu yalikuwa ya njiwa. Alikula mtama wao kwa viganja. Baba yake alisema ataota manyoya, nikamwambia akiota atamlisha yeye. Njiwa wa kwanza akionekana, mtoto alipunga mikono yote miwili na kupiga kelele, "Kayibu! Kayibu!" kama mwenye nyumba anayepokea wageni wa harusi.

Kikohozi kilianza kama cha watoto wote. Tulimpa maji ya vuguvugu, tukampaka mafuta kifuani. Wiki ya tatu kifua kikaanza kulia kama kifuniko cha birika, tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alimsikiliza mtoto mbele na nyuma, kisha akauliza tunapikia nini, nani anavuta sigara, tuna paka, mbwa, kuku, au ndege wowote.

"Hatuna kitu, daktari," mume wangu alisema.

Alisema haraka, kama mtu anayetoa mkono kwenye tanuri. Mimi tayari nilikuwa nimefungua mdomo. Akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Kwa ukali ningesema. Alinitazama kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni. Nikafunga mdomo. Daktari akaandika dawa ya kifua, tukaondoka.

Njiani alinieleza kwamba ni unga wa kazini, bila shaka ni unga. Kuanzia siku hiyo akawa anaoga kiwandani na kubadilisha nguo kabla ya kuja. Kikohozi hakikuondoka. Basi ni blanketi, nikafua blanketi. Ni jiko, nikahamisha jiko nje, nikapika huku mvua ikininyeshea mgongoni. Ni mafuta yangu ya nywele, akayatupa. Nilipiga deki mpaka magoti yakaota sugu. Tuliporudi hospitali mara ya pili daktari aliuliza yaleyale, na yeye akajibu lilelile, na mimi nikafunga kamba za kiatu cha mtoto zilizokuwa zimeshafungwa.

Sisemi nilikuwa sijui. Asubuhi nilikuwa nikifuta ukingo wa dirisha, na kitambaa kilitoka na vumbi jeupe la manyoya. Nilikikung'uta nje na kunyamaza. Mtu anayechomwa na moto tangu alfajiri, ambaye kitu chake cha pekee duniani ni kutazama juu, unamwambiaje ateremshe macho?

Jumamosi moja njiwa walikuwa wameachiwa kituo cha mwisho. Tulikaa kama kawaida. Saa tisa na dakika kumi nikaona nukta juu ya paa la mbali, na mume wangu akasimama na mtoto mkononi. "Huyoo! Andika!" Nikaandika. Ndipo nikagundua kwamba sikusikia kelele za Kishungi. Nilipoinua kichwa nikaona mbavu zake zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, na midomo yake ina rangi ya majivu. Macho yake yalikuwa wazi, yananitafuta.

"Baba Kishungi! Mtoto!"

Yeye bado alikuwa ametazama juu. Akasema, "Ngoja, wa pili huyo."

Nilimpokonya. Sikumbuki viatu, sikumbuki mlango. Nakumbuka tu kwamba nilipofika barabarani baba yake alikuwa ameshatupita, amesimama katikati ya njia, ameinua mikono mbele ya gari la mtu asiyemjua, analia kwa sauti.

Hospitali walimfunga Kishungi barakoa ya mvuke. Ilikuwa kubwa kuliko uso wake. Baba yake alisimama ukutani, mkono mfukoni, na kila alipojisogeza punje za mtama zilidondoka sakafuni. Daktari mwenye miwani alikuja, akangoja mpaka pumzi ya mtoto ikatulia kidogo, kisha akauliza tena, taratibu: "Nyumbani kuna nini?"

"Tuna njiwa, daktari," nikasema. "Thelathini na mmoja. Banda liko chini ya dirisha la chumba anacholala."

Aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Kabla hajazaliwa."

"Mara mbili niliwauliza."

Akavua miwani, akaifuta, na nadhani aliifuta ili asitutazame. Alisema vumbi lao ndilo linalomfunga mtoto kifua. Wakiondoka sasa, kifua kina nafasi ya kupona, wakibaki, haahidi kitu.

"Nikilihamishia banda mwisho wa ua?" mume wangu aliuliza.

"Baba, waondoke."

Dereva wa gari la mikate alijitolea kuwachukua. Wakwe zake walikuwa na shamba kulekule kituo cha mwisho. "Shemeji, futa machozi," aliniambia akipakia kreti, "watakula vizuri kuliko mimi. Mimi kwa wakwe napewa mgongo wa kuku tu." Akaondoka nao wote. Jioni ya kesho yake, kabla hata gari halijarudi, njiwa walikuwa juu ya banda, wote, wanajisafisha manyoya. Dereva alipofika alishika kiuno. "Mimi nina injini, hawa wana mbawa tu, na wamenipita kona ya pili!" Alicheka, kisha akamwona rafiki yake usoni, akaacha kucheka.

Miaka minne mume wangu alikuwa akiwafundisha njia hiyohiyo. Kila Jumamosi mbele kidogo, mbele kidogo, mpaka pasiwe na mahali pa kuwapeleka wasikoweza kurudi. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mara ya pili walikwenda mbali zaidi, mwendo wa siku mbili kwa gari, kwa mfugaji wa njiwa aliyeshauri wafungiwe wiki sita ili wasahau. Katika wiki hizo tulibomoa banda. Alikuwa anang'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha, ingawa hakuwa na cha kujenga. Tulipaka ukuta chokaa. Kikohozi cha Kishungi kikapungua, akaanza kukimbia uani bila kusimama kushika magoti. Nilianza kumsikia mume wangu akiimba bafuni, nikasema moyoni, basi, imepita.

Yule mfugaji akafungua mlango. Baada ya siku nne, asubuhi, nilisikia mbawa. Walikuwa ishirini na wawili, wamekonda, mmoja mguu unaning'inia. Hawakutua ukutani kwanza. Walikwenda mmoja baada ya mwingine pale pale palipokuwa na milango yao, kila mmoja mbele ya mlango wake, wakawa wanapiga mbawa hewani mbele ya chokaa tupu, wanatafuta pa kukanyaga. Mtoto alifurahi mpaka akaanguka chini. Kesho yake kifua kikaanza kulia tena.

"Asiwatupie mtu hata chembe ya mkate," mume wangu alisema. Akachukua ndoo na kuwamwagia maji. Lakini siku zote za joto alikuwa akiwaogesha kwa maji ya ndoo hiyo. Wakashuka kutoka ukutani, wakatandaza mbawa, wakajilaza ubavu mmoja mmoja waoge vizuri. Aliwamwagia mara tatu. Mara ya nne aliweka ndoo chini na kuketi kwenye tope.

Mfugaji alikubali kuwachukua tena kwa sharti moja, kwamba hatawafungulia. Watakaa kwenye wavu, watage, maisha yao yote.

"Hawataruka tena?" nilimuuliza mume wangu.

"Wakiruka watarudi."

Siku dereva alipokuja na kreti, nilidhani tutawakimbiza ua mzima. Haikuwa hivyo. Mume wangu alijaza mtama viganjani, akasimama katikati ya ua, akawaita kwa ule ulimi wake wa kugongagonga kwenye meno. Wakaja wote. Walimjaa mikononi, mabegani, mmoja kichwani. Akawachukua mmoja mmoja, akapitisha kidole gumba juu ya pete ya mguuni, akanipa. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko. Hata mmoja hakupapatika. Mpaka yule wa mwisho walikuwa wanamwamini, na hilo ndilo lililomkata maini. Dereva, mtu wa maneno mengi, alipakia kreti na kuondoka bila kusema kwaheri.

Siku hizi akirudi saa sita ananipa mkate, anaingia uani, na anasimama. Anaokota jani. Anakagua bomba lisilovuja. Nilimshauri ajiunge na wenzake wanaocheza bao pale kona. Alikwenda siku mbili, akarudi akisema wanapiga domo sana. Kishungi humvuta suruali na kumwonyesha ukuta, na asipofanya kitu, humpiga ngumi ndogondogo za gotini. Yeye humwacha ampige.

Jana tulimrudisha hospitali. Daktari aliweka kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu, mbele, nyuma, ubavuni. Mume wangu alikuwa ameinama mbele kama anayesikiliza naye. Nilijua anangoja nini. Alikuwa anataka mtoto awe mzima, anataka kuliko kitu chochote. Na mahali padogo ndani yake, pale asipoingia mtu, alikuwa anangoja aambiwe kwamba haikuwa njiwa, ilikuwa kitu kingine.

"Kisafi," daktari alisema. "Kisafi kabisa. Mmefanya vizuri."

"Kwa hiyo walikuwa wao," akasema.

"Walikuwa wao, baba."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akamvalisha Kishungi blauzi, akakosea vifungo, nikamwacha. Nje ya geti mchuuzi wa karanga alikuwa amemwaga makombo, na njiwa wa mtaani, wale wa kijivu wasio na mwenyewe, walikuwa wanadonoa. Kishungi akajirusha mikononi mwa baba yake, anataka ateremke. Yeye akamshika kwa nguvu, akavuka barabara, nami nikamfuata.

Upande wa pili akaniuliza, bila kunitazama, "Siku ile ya kwanza niliposema hatuna kitu, ulikuwa umefungua mdomo. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utakuwa hivi ulivyo sasa."

Alimhamisha mtoto bega la pili, mbali na upande wa njiwa, tukaenda nyumbani.